Semboja wa Mazinde: aliyeacha kiti akashika njia

Tajiri mkubwa wa upande wa Korogwe katika karne ya 19 hakuwa na shamba la mkonge wala duka. Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, alikuwa na Mazinde, mji wa tambarare chini ya milima ya Usambara, kando ya njia ya misafara kutoka Pangani kwenda Upare na Kilimanjaro. Hesabu yake yote inaanzia hapo.

Mali ya baba yake ilipanda mlima. Kimweri, mfalme wa Usambara, alikaa Vuga, mji wake wa mlimani, raia wakamletea mifugo na chakula, naye akagawia watumishi, wageni na wenye njaa. Wakilindi, ukoo wake, uzao wa Mbegha kutoka Kilindi, walitawala hivyo kwa vizazi. Lakini pembe za ndovu hazikupanda Vuga, zilipita bondeni.

Hatua ya kwanza ya Semboja ilikuwa kukaa zinapopita. Msafara ulihitaji maji, chakula na ruhusa, na mwenye mji alidai hongo yake. Akawa pia mnunuzi na muuzaji: pembe zikishuka pwani, nguo, ushanga, magobori na baruti vikipanda.

Hatua ya pili ilikuwa kugeuza faida kuwa nguvu. Wazigua walikwisha kuonyesha njia: bunduki za pwani ziliwafikia mapema, na mmoja wao, Kisabengo, akajijengea utawala wake huko Morogoro bila kuhitaji kiti cha kurithi. Kimweri alipofariki mwaka 1862, Vuga ilirithiwa na mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja akakusanya bunduki na washirika kutoka nje ya milima, na kabla muongo huo haujaisha Vuga ilikuwa mikononi mwake.

Hatua ya tatu ndiyo ya kushangaza. Hakuhamia Vuga. Kiti alimpa mwanawe, Kimweri Maguvu, yeye akabaki Mazinde. Heshima ikakaa mlimani, mapato yakakaa bondeni.

Sasa gharama. Vita vya Wakilindi vilizaa mateka, na mateka waliuzwa Pangani kununulia baruti ya vita vingine. Sultani Barghash alipiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, na misafara ya watumwa mwaka 1876, lakini magendo yaliendelea. Wabondei nao waliasi wakawafukuza Wakilindi.

Pia kulikuwa na udhaifu: kutegemea mlango mmoja. Wajerumani walipoishika Pangani mwaka 1889, wakiwa vitani na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, bidhaa na baruti za Semboja zilianza kupita mikononi mwao. Alilazimika kupatana nao. Alifariki mwaka 1895. Mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe, Mputa. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, ikaendelea hadi Mombo na kupita Mazinde penyewe.

Kwa hiyo mahali hapakuwa kosa: reli, na baadaye barabara kuu, zilifuata bonde lilelile. Kosa lilikuwa bidhaa. Watu waliolima chakula cha misafara na kubeba mizigo ndio waliokuwa mtaji wa Mazinde, na Semboja alikubali kuwauza. Mjerumani alipofika, aliikuta nchi iliyokwisha kuchoshwa na watawala wake.