Wasia kwa Mtoto na Wajibu wa Shahidi

Yafaa kuuliza kazi za marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, zina nini la kumfaa mtoto wa Maramba, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Mtoto huyo huenda akasema Kidigo au Kisambaa nyumbani, lakini darasani adili hufundishwa kwa Kiswahili, na katika lugha hiyo ndimo atakamopata, au atakamokosa, maneno ya kujitetea.

Jawabu lililozoeleka ni tenzi mbili za wasia: Hati, aliyomtungia binti yake, na Adili, aliyomtungia mwanawe. Tenzi hizo zafuata njia ya Mwana Kupona wa Pate, aliyemwusia binti yake mwaka 1858. Thamani yake haina shaka. Mtoto aliyefunzwa heshima, bidii na subira ana nanga siku ya tufani. Lakini fani hii ina upungufu mmoja: asemeshwaye ni mtoto peke yake. Madhara hutendwa na mkubwa, nasaha hupewa mdogo. Utii usiowekewa mpaka huweza kumfunga mtoto kinywa mbele ya yule yule amdhuruye.

Hatari hii si ya kubuni. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009, na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa wasichana wapatao 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walipatwa na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao hawakumwambia mtu.

Nusu ya pili ya fundisho imo katika kitabu kingine cha mwandishi huyo huyo, Adili na Nduguze, cha mwaka 1952. Wahakiki wengi hutazama wema wa Adili na husuda ya nduguze. Mimi namtazama Ikibali. Akiwa mgeni nyumbani kwa Adili, aona usiku manyani wawili wakipigwa, kisha wakibembelezwa. Hasemi kwamba mambo ya nyumba ya mtu hayamhusu. Ampelekea Mfalme Rai habari. Rai auliza, asikiliza, na mwisho mateso yakoma kwa wapigwao na kwa mpigaji pia, maana naye alipiga kwa kulazimishwa. Bila ya shahidi aliyesema, subira yao wote isingaliwafaa kitu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaagiza jambo lilo hilo: mwanajamii ajuaye kuwa haki ya mtoto yavunjwa hana budi kuitoa habari kwa serikali ya mahali pake. Ikibali alitangulia sheria hiyo kwa miaka 57.

Basi mwalimu asomeshaye Hati na Adili asiishie hapo. Aisomeshe na hadithi hii, ili mtoto ajue kwamba kushitaki si utovu wa adabu, na mkubwa ajue kwamba subira ya mtoto haimwondolei yeye wajibu wa kusema.