Kipaji na Ngazi ya Darasa

Kipaji ni kitu alichopewa mtu. Hakukinunua wala hakukichuma. Kwa hiyo mwenye kipaji ni mdeni wa wenzake. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere aliwafananisha waliopata elimu ya juu na mtu aliyekabidhiwa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na shehena. Mfano huo wengi wetu twaujua. Lakini hadaiwi ambaye hakupewa chakula, na hapo ndipo penye hoja yetu.

Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mtoto hakupimwa kwa umri. Aliyehitimu juzuu moja alishika nyingine, na aliyetangulia aliwasomesha wenzake. Wakoloni walileta kipimo kingine: shule ya Tabora ilikusudiwa kwanza wana wa machifu. Baadaye kipimo cha ukoo kiliondolewa. Leo Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato na shule mbili za Tabora huwapokea watoto wenye vipaji maalumu kwa ushindi wa mtihani. Jambo hili lastahili sifa.

Hata hivyo, tunaona kasoro mbili. Kwanza, mlango huo hufunguliwa baada ya shule ya msingi. Mtoto aliyeelewa hesabu za mwaka mzima katika muhula mmoja huwangoja wenzake miaka mingi. Na akili isiyopewa kazi hujifunza uvivu au utundu, kisha mwenyewe akaitwa mkorofi. Pili, mtihani hautenganishi kipaji na malezi. Aliyekuwa na vitabu na taa nyumbani aghalabu humpita aliyekosa vyote viwili.

Wako wasemao kwamba kumtanguliza mmoja ni kuwadharau wengi. Hatukubaliani nao. Usawa ni kila mtoto kupata kazi ilinganayo na nguvu zake. Tena njia zipo, wala hazihitaji majengo mapya: asome somo moja pamoja na darasa la juu, apewe vitabu vigumu zaidi, awasaidie wenzake, kama ilivyokuwa chuoni. Kumrusha darasa zima kwataka uangalifu, kwani akili huweza kupevuka kabla ya moyo.

Mwalimu wa kijijini ndiye wa kwanza kukiona kipaji. Hana budi kupewa mamlaka ya kukitangaza na vitabu vya kukilea. Tukingoja matokeo ya mtihani tutakuwa tumechelewa, nasi tutamdai kijana deni ambalo hatukumkopesha.