Waungwana wa Meza ya Kijani

Wapo wanaosema siasa ikiingia jukwaani, sanaa hutokea mlango wa uani. Siwalaumu; maonyesho ya kuhubiri yamenichosha hata mimi. Lakini hoja yao inapata taabu mbele ya Meza ya Kijani, baleti aliyoitunga Mjerumani Kurt Jooss, iliyochezwa mara ya kwanza jijini Paris tarehe 3 Julai 1932 na kutwaa tuzo ya kwanza ya mashindano ya utunzi wa dansi.

Pazia likifunguka, waungwana kumi wenye suti nyeusi na barakoa za wazee wameizunguka meza ndefu ya kitambaa cha kijani. Piano mbili zinawapigia mahadhi ya tango, laini, karibu ya kuchekesha. Wanainamiana, wanapishana, wananyoosheana vidole, wanajifanya kusikilizana. Hapana linalosemwa. Kinachotisha ni adabu yao, maana haipungui hata wanapochomoa bastola na kufyatua hewani. Giza. Taa zikirudi, Mauti yuko peke yake, mbavu zimechorwa juu ya vazi, anapiga mguu chini kama askari wa gwaride.

Jooss hakutaja nchi wala mtawala. Aliyekulia kwenye ngoma na taarabu anaijua mbinu hiyo: fumbo halimtaji mtu, na anayekasirika amejitaja mwenyewe. Ila fumbo hili limebebwa na miili. Mauti hawachukui watu kwa namna moja. Askari huwakokota kwa amri. Mama mzee mkimbizi humpokea taratibu, mikononi, kama mtu aliyekuwa akimngojea. Msichana wa danguro humchezesha hadi nguvu zimwishe. Kwa hiyo mchezaji wa Mauti, na Jooss mwenyewe aliwahi kumcheza, sharti ajue kukanyaga kwa kishindo na kubeba kwa upole, kwa misuli ileile. Ilani ya chama haimfundishi mtu hayo. Yanataka miaka ya mazoezi, na Jooss alikuwa na shule yake Essen, alikochanganya nidhamu ya baleti na dansi mpya aliyoisomea kwa Rudolf Laban.

Mwaka 1933 Wanazi walimtaka awafukuze Wayahudi waliokuwa kundini mwake, akiwemo F. A. Cohen, mtunzi wa muziki wa Meza ya Kijani. Alikataa, akaihama Ujerumani pamoja na kundi lake. Baadaye walipata makao Dartington, Uingereza. Mwaka 1967, vita vya Vietnam vikiwaka, kundi la Joffrey Ballet liliicheza baleti hiyo Marekani, na watazamaji hawakuhitaji kuelezwa inamhusu nani.

Sehemu ya mwisho ya baleti inawarudisha waungwana mezani, na mazungumzo yanaendelea palepale yalipokuwa. Baleti hii imewahi kupigwa filamu. Ukiipata, usihangaike kutafuta ujumbe. Tazama mikono ya wale kumi, kisha usikilize taarifa ya habari ya saa mbili.