Mdoli Aliyehamia Leba

Mama wa Kiseke, Mwanza, akishikwa na uchungu usiku wa manane, nyumba nzima huwaza usafiri: bodaboda au bajaji, kituo cha afya cha jirani au moja kwa moja Sekou-Toure, hospitali ya mkoa. Usafiri ni shida kweli. Ila kuna watoto wanaopotea baada ya safari kwisha salama, mama akiwa tayari mikononi mwa mkunga.

Dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa huitwa dakika ya dhahabu. Kichanga asiyepumua hukaushwa na kusuguliwa mgongo. Asipoitika, hupumulishwa kwa ambu, mfuko wa kusukuma hewa wenye barakoa, kabla dakika hiyo haijaisha. Mwaka 2012 watafiti wa Hospitali ya Kilutheri Haydom, mkoani Manyara, walionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kupumulisha ziliendana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kichanga kufa au kulazwa muda mrefu.

Haydom hiyohiyo ilikuwa imeshajaribu dawa tunayoijua sote: semina ya siku moja. Ilifanyika mwaka 2010. Miezi saba baadaye wahudumu walipopimwa, kwenye mdoli wa mafunzo walikuwa bado hodari. Leba, kwa watoto halisi, utendaji haukuwa umebadilika. Aliyewahi kusaini karatasi ya posho ya semina hatashangaa.

Basi mdoli akahamishiwa kazini. Mazoezi yakawa mafupi, ya mara kwa mara, palepale wodini. Vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Mbinu hiyo ndiyo iliyopanuliwa kati ya 2021 na 2023 katika mradi wa Safer Births, kwenye vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Kila kituo kilikuwa na wakufunzi wake wa ndani, wahudumu wa palepale. Mdoli mpya alimwonyesha mkunga kama hewa inaingia kifuani au inavujia pembeni ya barakoa. Kifaa kiitwacho Moyo kilifuatilia mapigo ya mtoto aliye tumboni. Kingine, NeoBeat, kilivishwa kifuani mwa kichanga na kusoma mapigo kwa sekunde chache. Takwimu za kituo hazikuishia kwenye ripoti ya kupeleka juu: zilirudi kwa wahudumu, wakaamua wafanyie mazoezi nini.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2025 katika New England Journal of Medicine, yalihusu takriban wazazi 300,000 na watoto wao. Vifo vya watoto, wale waliofia tumboni wakati wa uchungu pamoja na waliokufa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Mafanikio hayakulingana mkoa kwa mkoa wala hospitali kwa hospitali, na hapo ndipo pa kuchimba zaidi. Vifaa na mtaala vilikuwa vilevile kote. Huenda usimamizi na uhamisho wa watumishi havikufanana.

Kwa hiyo mganga mkuu wa wilaya anayetaka kuijua leba yake asianze kuhesabu vyeti vya semina. Aulize mdoli aliguswa lini mara ya mwisho, na ufunguo wa kabati lake anao nani zamu ya usiku.