Katika Kuisifu Fani ya Kuusoma Moyo

Miongoni mwa fani zisifiwazo kwa nadra, kwa kuwa hufanywa kimya juu ya karatasi yenye miraba midogo, ni ile ya kuusoma moyo kwa elektrokadiogramu, mchoro wa umeme wa moyo. Nami naiona inastahiki sifa zaidi huku Turkana, ambako mgonjwa aliyeletwa Lodwar kutoka Nakalale au Kakuma yu mbali mno na Nairobi, ziliko mashine za kuipiga picha mishipa ya moyo kwa ndani.

Kadhia yenyewe ni hii. Mama mtu mzima, aliyefikiwa ghafula na habari ya msiba, hushikwa na maumivu ya kifua, pumzi ikambana, na karatasi ikatoa mistari iliyoinuka sawa na ya mtu ambaye mshipa wa moyo wake umezibwa na donge la damu; kumbe mishipa i wazi, ila nyama ya moyo ndiyo iliyolegea, aghalabu upande wa ncha, na hudhaniwa kuwa imeelemewa na adrenalini. Hikaru Sato na wenzake wa Hiroshima waliyaeleza maradhi haya mwaka 1990, wakayaita takotsubo, kwa kuwa chumba cha moyo hufura mfano wa mtungi wa Kijapani wa kutegea pweza. Katika kila wagonjwa 10, yapata 9 ni wanawake, wengi wao waliokwisha koma hedhi.

Fikira nyepesi itasema: muulize kama amefiwa, na jawabu limepatikana. Lakini Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kwa watu waliokimbia vita, ni nani asiye na msiba wa kusimulia? Huzuni iliyomo katika kila nyumba haimtengi mgonjwa mmoja na mwingine. Tena msiba uo huo waweza kuleta donge la kweli katika mshipa wa kweli. Ndipo msomaji airudiapo karatasi.

Hutazama sehemu ya ST, kile kipande cha mstari kifuatacho kilele cha pigo, kama imeshuka katika aVR na kama haikuinuka katika V1, ambazo ni pembe mbili za kuutazama moyo. Maana mwaka 2010 Masami Kosuge na wenzake, huko Japani, walionyesha kwamba hali hizo mbili zikikutana, dhana huelemea takotsubo kuliko mshtuko wa moyo wa upande wa mbele. Ni ishara njema, wala si yakini, na msomaji hodari hujulikana kwa anavyojizuia kuliko kwa anavyotamka. Akimpa dawa ya kuyeyusha donge mtu asiye na donge, amemtia bure katika hatari ya kuvuja damu, hata ubongoni. Akimnyima mwenye donge, nyama ya moyo hufa dakika kwa dakika. Kwa hiyo humhesabu mgonjwa kuwa ana mshtuko wa moyo mpaka ithibitike vingine, hutaka damu ipimwe troponini, protini itokayo katika nyama ya moyo iliyojeruhiwa, na panapo mtandao humpelekea bingwa picha ya karatasi.

Hilo la mwisho, kwa hakika, si geni: Willem Einthoven wa Leiden, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1924, alikuwa na mashine ya kilo zipatazo 270, hivyo mwaka 1905 akawapima wagonjwa waliokuwa hospitalini, kilomita moja na nusu kutoka maabara yake, kwa waya wa simu.

Naye mama wetu, hata akidhaniwa hana donge, haruhusiwi kwenda zake siku ile. Moyo uliolegea waweza kushindwa kusukuma damu au kuvurugika mapigo, ingawa wengi hupata nguvu tena kwa muda wa wiki chache. Hulazwa, akapimwa tena kesho yake, karatasi mpya ikalinganishwa na ya jana: mawimbi ya T, yale ya moyo kutulia baada ya pigo, yakiwa yamepinduka kwa kina, na muda wa QT, tangu vyumba vya chini kusisimka hadi kutulia, umerefuka, msomaji huongeza uangalifu, kwani QT ndefu huweza kuukaribisha mpwito wa hatari.