Gari Lililoshushwa Hukaguliwa Chini: Rimu, Tairi na Springi za Toyota DX

Sifa zinazomiminiwa magari ya zamani yaliyoshushwa, hasa Corolla za KE70 ambazo Wakenya wamezoea kuziita DX, zimekuwa rahisi kupita kiasi, kwa sababu watazamaji wengi, pamoja na baadhi ya wanaokabidhiwa kazi ya kutoa tuzo, hupima jambo moja tu, yaani udogo wa nafasi iliyobaki kati ya tairi na madigadi. Kipimo hicho hakina thamani. Mtu yeyote mwenye msumeno wa chuma na alasiri moja anaweza kuiziba nafasi hiyo, na ndiyo maana gari lisiloweza kuvuka tuta bila kukwaruza hupigiwa makofi, huku gari lililotengenezwa kwa akili likipitwa kwa kuwa limesimama juu zaidi kwa upana wa vidole viwili.

KE70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1979, husukumwa na magurudumu ya nyuma, na mbele hubebwa na shoki za mtindo wa MacPherson, ambazo ni nguzo zinazounganisha springi na shokomzoba na kulishika gurudumu kwa juu, wakati kwa chini gurudumu hilo hushikwa na mkono wa chuma ambao mafundi huuita kontroli amu. Ncha ya ndani ya mkono huo imefungwa kwenye bodi kwa bushi ya mpira, na ncha ya nje imeungana na gurudumu kwa boljointi, kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kupanda, kushuka na kugeuka kwa pamoja.

Mkono huo wa chini ndio usiotazamwa na mshabiki hata siku moja, nao ndio unaotazamwa kwanza na fundi. Gari likisimama kwenye sakafu iliyo sawa, likiwa na uzito wa dereva ndani yake, na baada ya kusukumwa mbele na nyuma mara kadhaa ili magurudumu yaliyotoka kwenye jeki yatulie mahali pake, mkono wa chini unapaswa kuinama kidogo kuelekea gurudumuni, au angalau kulala sawasawa. Ukionekana umepanda, yaani boljointi ikiwa juu kuliko bushi ya ndani, gari limeharibiwa, na hakuna rangi wala rimu itakayolitetea.

Sababu yake ni ya kihandisi. Kila gari linapokata kona, bodi hulala kwa kuzunguka nukta fulani isiyoonekana, ambayo mahali pake huamuliwa na mteremko wa mikono hiyo, na ambayo hapa itaitwa kitovu cha mlalo. Bodi ikishushwa, uzito wa gari hushuka kwa kiasi kilekile cha springi, lakini kitovu cha mlalo hushuka zaidi, wakati mwingine hadi chini ya uso wa barabara, hivyo umbali kati ya uzito na kitovu hicho huongezeka na bodi hupata nguvu zaidi ya kulala. Matokeo yake ni kichekesho ambacho wenye magari hayo hawapendi kukisikia: gari limeshushwa ili litulie konani, na linaishia kulala zaidi kuliko lilipotoka kiwandani, isipokuwa lipewe springi ngumu kiasi cha kuwaumiza abiria migongo. Zaidi ya hayo, mkono ukishapanda, gurudumu la nje linalobanwa konani huanza kupoteza kemba, yaani mwinamo wa sehemu yake ya juu kuelekea ndani ya gari, wakati uleule linapouhitaji. Nazo tairodi, fimbo zinazopeleka amri ya usukani kwenye magurudumu, zikiwa hazilingani tena na mteremko wa mikono, huyageuza magurudumu yenyewe kila linapopigwa shimo, hata kama mikono ya dereva haijatikisika.

Dawa inajulikana, na kwa familia hii ya Corolla ni nyepesi kuliko kwa magari mengi, kwa sababu chini ya nguzo ya shoki kuna kipande cha chuma kinachobeba boljointi na mwisho wa tairodi kwa pamoja, ambacho hufungwa kwa bolti mbili. Fundi mahiri huingiza kati ya nguzo na kipande hicho pedi ya chuma iliyochongwa kwa mashine, hutumia bolti ndefu zaidi zenye ugumu unaofaa, na kwa kitendo hicho kimoja hurudisha chini ncha ya mkono na ncha ya tairodi bila kuinua bodi hata kidogo. Wapo walaghai wanaoweka mahali pake washa zilizorundikwa, kisha wakapaka rangi nyeusi ili zionekane kipande kimoja. Kurunzi na ukucha wa kidole gumba hutosha kuwaumbua, kwa kuwa mistari ya washa hupapaswa hata pale isipoonekana.

Hapo ndipo suala la rimu linapoingia, na wanaodhani kwamba rimu huchaguliwa kwanza wameanzia mwisho. Pedi hiyo hushusha boljointi kuelekea ukingo wa ndani wa rimu, kwa hiyo rimu ya inchi 13, iliyokuwa ya kawaida kwa DX, yaweza kugusana nayo, ilhali ile ya inchi 14 huacha nafasi. DX haivai rimu inayozidi inchi 14. Wapo wanaoweka 15, na wachache wanaoweka 17, lakini gari hilo lina madirisha makubwa na nguzo nyembamba za paa, na gurudumu kubwa hulifanya lionekane kama limeazima viatu. Spoku zisizidi nane, kama za Watanabe kutoka Japani, na rimu ya rangi ya dhahabu isiwekwe kwenye gari la rangi ya maziwa.

Rimu za DX hufungwa kwa nati nne zilizopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3, hivyo zile za Corolla za baadaye zenye duara la milimita 100 haziingii, na wanaozitoboa matundu mapya hawastahili kujadiliwa. Ofseti, ambayo ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokaa kwenye habu, huamua iwapo rimu itasogea ndani kuelekea shoki au nje kuelekea madigadi. Rimu ikiongezewa upana wa inchi moja bila kubadili ofseti, hupanuka milimita 12.7 kila upande. Kuhusu rimu za kuigiza, mnunuzi asitosheke na herufi za JWL, kwa kuwa alama hiyo ya viwango vya Japani hutangazwa na mtengenezaji mwenyewe. Alama ya VIA ndiyo inayoonyesha kwamba kuna taasisi nyingine iliyohusika katika kuijaribu rimu, ingawa nayo huweza kughushiwa.

Tairi inapaswa kuhifadhi kimo cha asili, ili spidomita isidanganye na upinde wa madigadi usibaki mtupu. Ile ya 175/70R13 ina kipenyo cha takriban milimita 575, na ya 185/60R14 takriban milimita 578, kwa hiyo mwenye kuhamia inchi 14 hana haja ya kutafuta zaidi ya hapo. Mtindo wa kuvuta tairi nyembamba juu ya rimu pana, hadi ubavu wake ulale kama paa la kibanda, ni wa kupuuzwa: tairi ya 185/60R14 imekusudiwa rimu ya upana wa inchi 5 hadi 6.5, na ikivutwa kwenye inchi 8 shimo la kwanza hukipiga chuma moja kwa moja.

Springi zilizokatwa hutambulika kwa kuliinua gari kwa jeki, kwani gurudumu likining'inia, springi iliyokatwa hulegea na kucheza kwenye kikombe chake. Zilizochomwa kwa moto wa gesi ni mbaya zaidi, maana chuma hupoteza ugumu wake na huendelea kushuka kila mwezi. Nyuma ya saluni, mkaguzi alinganishe nafasi ya tairi na madigadi upande wa kushoto na wa kulia, kwa sababu fimbo inayozuia ekseli isiyumbe huisukuma upande mmoja gari linaposhushwa, na fundi asiyeirekebisha amejitangaza. Kwenye steshenwagoni, yenye springi za mabamba, wengine huchomoa bamba moja na kuiita kazi. Wengine hujaza magunia ya mchanga kwenye buti siku ya kupiga picha.

Mafundi wa enzi ambapo dereva Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara nne mfululizo kwa Datsun, kuanzia 1979 hadi 1982, waliinua magari badala ya kuyashusha, lakini walijua kwamba springi ni nusu tu ya kazi na kwamba gurudumu lisilo na nafasi ya kupanda na kushuka ni mzigo. Vijana waliojifunza chini yao katika karakana za Kirinyaga Road, Nairobi, walilazwa chini ya gari kabla ya kuruhusiwa kushika spana. Siku hizi kamera hupiga picha kutoka usawa wa kiuno, na kazi hutengenezwa ili ipendeze kutoka hapo.

Kwa hiyo wanaotoa tuzo waje na kurunzi na kipande cha katoni cha kulalia, waanze na mkono wa chini, na gari ambalo mkono wake umepanda kuelekea gurudumuni liondolewe kwenye orodha kabla mwenye nalo hajafungua boneti.