"Gia", "Miguu" na "Mvumo": Uhakiki wa Istilahi za Ndege Inapotua

Miongoni mwa istilahi za usafiri wa anga zinazosikika redioni na kusomwa magazetini, "gia ya kutua" imezoeleka mno. Hukusudiwa kutaja nguzo, viungo na magurudumu yanayoibeba ndege iwapo chini. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi hiyo ina kasoro, na kwamba kasoro huzidi pale inapozungumzwa sauti itokayo katika sehemu hizo.

Nusu ya istilahi hatuna ugomvi nayo. "Kutua" ni neno letu: ndege hutua mtini, mchukuzi hutua mzigo, nahodha hutua tanga. Taabu ni "gia". Kwa dereva wa Tanga, gia ni meno yanayobadili mwendo wa gari. Mfasiri amekuta neno la kigeni lenye maana zaidi ya moja, akaleta ile isiyohusika. Asikiaye "kelele za gia" atadhani meno yamelika, naye atatafuta grisi. Kumbe hakuna kilichoharibika. Ndege mpya nayo hutoa sauti hiyo hiyo.

Chanzo chake ni hewa. Mabaharia wa Tanga, Pangani na Moa wanakijua: upepo ukikaza, kamba za mlingoti huvuma ingawa hakuna azipigaye. Hewa ipitayo kwenye kitu cha mviringo hushindwa kuufuata mzingo wake. Hujitenga, ikafanya visulisuli vinavyobanduka kwa zamu, upande huu na upande huu. Kila kinapobanduka, msukumo juu ya kamba hubadilika, na badiliko hilo ndilo sauti. Kamba nyembamba hulia kwa sauti kali, nene kwa sauti nzito. Kadhalika miguu ya ndege: nguzo huvuma kwa sauti nzito, mabomba ya breki kwa sauti kali, na shimo inamokunjiwa miguu huweza kulia kama chupa inayopulizwa mdomoni.

Nguvu ya sauti hiyo hukua takriban kwa kipeo cha sita cha kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu huwa mara 64. Hapa grisi haifai kitu.

Ni kweli kwamba katika ndege ndogo kama Cessna Caravan, ambazo zimewahi kuunganisha Tanga na visiwa vya Pemba na Unguja, miguu haikunjwi kabisa, lakini kinachotawala masikioni ni rafadha na injini. Katika ndege kubwa za jeti mambo ni mengine. Zinapokaribia kutua, injini hupunguzwa, na mvumo wa miguu huwa miongoni mwa sauti kubwa zinazofika chini. Ndiyo sababu hapana budi kila sauti ipewe jina lake.

Ama kuhusu tiba, wengine husema "kifuniko". Neno hili halitoshi. Kifuniko huziba chungu; kinachotakiwa hapa ni kitu cha kuvikwa nguzo ili hewa ipite juu yake taratibu. Tunapendekeza "ala", kama ala ya kisu. Atakayehofia ala za muziki ajue kwamba muktadha utatenganisha. Ala isiyopitisha hewa huweza kuisukuma kwa kasi juu ya viungo vya jirani; kwa hiyo wataalamu wameijaribu "ala ya vitundu". Mwaka 2018 shirika la NASA la Marekani lilitangaza kwamba ala za namna hiyo katika ndege ya Gulfstream III, pamoja na marekebisho ya mashimo ya miguu na ya mabawa, zilipunguza sauti ya umbo la ndege, isiyokuwa ya injini, kwa zaidi ya asilimia 70. Hata hivyo, ala huongeza uzito, na isipopangwa vema huzuia breki kupoa na fundi kukagua.

Mapendekezo yetu ni haya:

1. Miguu ya ndege: badala ya "gia ya kutua". Miguu hukunjwa na kukunjuliwa.
2. Mvumo wa miguu: sauti itokanayo na hewa kuipita miguu.
3. Kelele: sauti yoyote inayomuudhi asikiaye. Neno hili lisitumiwe kutaja chanzo.
4. Kisulisuli: hewa izungukayo nyuma ya kizuizi.
5. Ala: vazi la nguzo la kuongoza hewa.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu. Mwananchi aishiye karibu na uwanja wa ndege akisimama kulalamika, naye akapewa neno "gia", atajibiwa kwamba gia ni nzima, na shauri lake litakwisha hapo. Akipewa "mvumo", ataweza kuuliza kasi ya ndege, mahali miguu inapokunjuliwa, na kama ina ala.

Tunawaalika wasomaji, hasa mafundi wa ndege na mabaharia wa mwambao, watuletee maoni yao na maneno waliyo nayo.